Bonge la Barafu la Dokta

Tangawizi alikuwa amejiapiza kwamba leo hatauliza habari za yule mwanamke. Alijiapiza akioga, akajiapiza akivaa, na njia nzima alikuwa anajiapiza mpaka akachoka. Alipofika kwenye geti la kituo cha utafiti wa bahari, akauliza.

"Yule Dokta wenu yupo?"

"Yupo, shemeji," mlinzi akamjibu kwa bashasha. "Tangu asubuhi wako chumba cha baridi, yeye na Baba Kamba."

"Wawili tu?"

"Watatu wataenea wapi mle ndani?" Mlinzi akacheka na kumfungulia geti, bila kujua kwamba amemnyunyizia pilipili mtu mwenye kidonda.

Tangawizi akapita. Jina hilo alipewa na wenzake pale anapooka mikate, kwa sababu alikuwa mtamu, na kwa sababu alikuwa anawasha. Leo hata hakuwa na unga kwenye kucha. Alikuwa amevaa gauni lake la rangi ya zambarau, amejipaka wanja, na kwenye pochi alikuwa na chanuo la kumchania mchumba wake, maana alimjua. Nyumbani mama yake na shangazi yake walikuwa wameshakaa mezani. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mchumba huyo, Baba Kamba, kwenda kuonekana, kuketi, na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anataka kuoa. Mara mbili aliahidi kwenda na mara mbili kamba wake, wale wa baharini anaowalea kazini, walimkwamisha.

"Mwanaume anayejifungia kwenye jokofu kutwa nzima na mwanamke mwingine," mama alikuwa amesema jana huku akikunja nguo, "huyo anakuoa wewe au anamwoa mwenzake? Leo asipokuja, mwanangu, usinitajie tena jina lake. Mimi siyo mtu wa kuchezewa, na wewe hukuzaliwa uje kungoja."

Shangazi, ambaye hajawahi kukutana na moto asiuchochee, akaongeza: "Na huyo mwanamke ni msomi. Msomi kwa msomi wana maneno yao."

Maneno hayo Tangawizi alilala nayo na kuamka nayo. Na sasa alikuwa nayo kwenye korido ndefu yenye harufu ya chumvi, mbele ya mlango mzito wenye kidirisha kidogo cha kioo.

Akachungulia.

Ndani kulikuwa na giza la jioni, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Taa moja dhaifu, imefunikwa karatasi. Matangi yamepangwa ukutani. Na katikati, watu wawili ndani ya makoti manene, vichwa vimeinama juu ya chupa moja mpaka kofia zao zinagusana. Dokta alisema neno. Baba Kamba akacheka. Dokta akamshika mkono wa koti, akauacha mkono wake pale. Hakuuondoa haraka, na Tangawizi alihesabu hilo kama kosa la pili.

Akagonga kioo kwa pete yake.

Baba Kamba alitoka akitoa mvuke wa baridi mdomoni, pua nyekundu, macho yamejaa furaha ya kumwona. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na siku nyingine yoyote ingemtosha.

"Umependeza," akasema. "Umependeza mpaka naogopa kukugusa, nanuka kamba."

"Simu zangu huzioni?"

"Mle ndani hakuna mtandao. Halafu mikono ilikuwa kwenye glavu."

"Mikono ya nani?"

Baba Kamba akamtazama. "Usianze. Leo ni siku yetu. Nipe muda kidogo tu, niingize pipa la maji ya bahari, kisha nivae shati twende kwa mama. Shati nimelipiga pasi mwenyewe."

"Kamba wako hawajambo?"

Aliuliza kwa kejeli, lakini yeye alijibu kwa moyo wote, kama kawaida yake. "Wanakonda. Hawali. Ukiwaangalia unaweza kulia." Kisha akatoka mlango wa nyuma kufuata pipa.

Kazi ya mchumba wake Tangawizi aliielewa nusu nusu. Alijua kwamba kule mwisho wa dunia, bahari ikigeuka barafu, kuna kamba wadogo wanaoishi chini yake, wadogo kama punje ya mchele, na kwamba nyangumi na ndege na samaki wote wa huko wanaishi kwa kuwala hao. Alijua wanalelewa hapa ili wajulikane wanakuaje. Alijua chakula chao ni mwani, na mwani aliuona kwenye chupa, wa kijani kibichi, umejipanga rafuni. Zaidi ya hapo alikuwa anajua kitu kimoja tu, kwamba msimu uliopita Baba Kamba alipanda meli kwenda huko, na Dokta alikuwa kwenye meli hiyo hiyo.

Akaingia chumba cha pembeni, chenye sinki na meza ya chuma, akakaa kwenye stuli. Dokta akaja nyuma yake, anavua kofia. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye macho ya uchovu, na hilo lilimkera Tangawizi zaidi. Angekuwa na makucha mekundu na kicheko kikubwa, ingekuwa rahisi kumchukia.

"Karibu, wifi," Dokta akasema.

Neno wifi likamchoma. Wifi wa nani? Lini huyu alikuwa dada wa mtu?

"Ahsante."

"Leo ndiyo mnakwenda kwa wazee. Ameniambia. Tangu jana hatulii, mara aniulize avae tai, mara asivae."

"Anakuuliza wewe?"

"Sina la kumjibu. Mimi nguo zangu ni hizi." Dokta akacheka, akagonga kwa kidole kasha la bluu lililokuwa juu ya meza. "Amekuonyesha hili? Bonge letu?"

"Amelitaja. Alisema ni la mwisho, hampi mtu."

"Nimelipakata mimi mpaka hapa. Amekusimulia tulivyolipata?"

"Nisimulie."

Alijua hakupaswa kusema hivyo. Alisema.

"Tulitoboa barafu, mimi nikalala kifudifudi nichungulie kwa chini. Upepo unavuma, siwezi hata kusikia jina langu. Nikaanza kuteleza, kichwa kwenye shimo! Yeye akanirukia akanishika miguu yote miwili, akanikatalia kutumbukia. Tulipotoka pale tulicheka mpaka machozi yakaganda mashavuni." Dokta alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anamtabasamia Tangawizi. Alikuwa anatabasamia mbali, huko kwenye upepo. "Haya, naona anahangaika na pipa. Ngoja nikamsaidie."

Akaondoka. Mlango ukajifunga taratibu.

Kanishika miguu. Tangawizi alirudia maneno hayo kichwani kama mtu anayetafuna changarawe. Yeye kwa miezi yote ile alikuwa anaamka alfajiri kukanda unga, anaangalia simu isiyoita, anamwambia mama "huko hakuna mtandao, mama, ni barafu tupu." Kumbe barafu tupu ilikuwa na watu wanaoshikana miguu.

Akafungua kasha.

Bonge lilikuwa limezungushiwa nailoni nyeusi, limelazwa kwa uangalifu ambao yeye mwenyewe hakumbuki lini alilazwa nao. Akaifunua nailoni. Juu lilikuwa jeupe, safi. Chini lilikuwa chafu, lina tope la kahawia kama sufuria iliyoungua. Hiki ndicho kilichopakatwa? Hiki ndicho kisichotolewa kwa mtu? Alijiona mjinga. Wanaume wengine huweka picha, huweka leso. Mchumba wake ameweka barafu chafu ya mwanamke mwingine, na kila siku akifungua kasha anakumbuka siku ile, upepo ule, miguu ile.

Hakufikiri tena. Alilibeba kwa mikono miwili, baridi ikamuuma mpaka kwenye mifupa, akalitupa kwenye sinki na kufungua bomba la maji ya moto mpaka mwisho.

Mvuke ukapanda. Bonge likalia, likapasuka. Tope likaanza kushuka, maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, yakazunguka, yakaingia tunduni. Aliona raha. Ni aibu kusema, lakini aliona raha, raha ya mtu aliyekuwa anawashwa mahali mkono wake haufiki na sasa umefika.

"Umefanya nini?"

Dokta alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alikimbia mpaka kwenye sinki, akafunga bomba, akaingiza mikono kwenye maji ya moto bila glavu, akawa anakusanya vipande. Vilimyeyukia kiganjani.

"Lilikuwa chafu," Tangawizi akasema, kidevu juu. "Nimeliosha."

"Umeosha chakula chao."

"Chakula chao si kile cha kijani?"

"Kile wamekikataa! Wanakigusa tu na kukiacha. Mwani wao ni huu, huu wa kahawia. Unaota chini ya barafu, kwenye giza, na wale wadogo wanajipachika chini, mgongo chini miguu juu, sijui nikuambieje, wanaukwangua kama mtu anayekwangua ukoko." Dokta akaziba tundu la sinki kwa kiganja. "Tulikuwa tuliyeyushe leo kwenye maji ya bahari, polepole, bila mwanga, tupate mbegu ya kuotesha mwingi. Ndiyo maana anafuata pipa. Ukiutia maji ya bomba, yasiyo na chumvi, unapasuka, kila chembe. Hayo maji ya moto ndiyo usiseme."

"Ina maana hakuna mwingine?"

Dokta akaviacha vile vipande kwenye sinki. Alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye darubini iliyokuwa mwisho wa meza. "Tazama."

Tangawizi akainama. Aliona mnyama mdogo, mwili wote kama kioo, macho mawili meusi, miguu kama nywele inapiga maji bila kukoma. Angeweza kuona mpaka tumboni mwake, na tumboni mwake hapakuwa na kitu.

"Huyo ni wa tangi la kwanza. Sasa huyu. Huyu tulimkwangulia kidogo jana, tujaribu."

Wa pili alikuwa vilevile, ila katikati ya mwili ulipita mstari wa kahawia, mwembamba, umejaa. Miguu yake ilikuwa inapiga kwa nguvu. Ameshiba. Hata mtu asiyesoma hesabu za kamba angejua kwamba huyu ameshiba.

Ndipo Tangawizi akaelewa, na alielewa kwa kazi yake mwenyewe. Pale anapooka kulikuwa na chungu cha chachu ya zamani, na kila siku anabakiza kipande cha kuanzia kesho. Mtu akimwaga kile kipande cha mwisho, hawezi kulaumu unga wala maji. Mkate umekwisha. Akajishikiza kwenye meza.

"Atanichukia," akasema.

Dokta alikuwa anajifuta mikono kwenye koti, polepole sana. Nje, gurudumu la toroli lilikuwa linakwaruza sakafu ya korido, linakuja.

"Nitasema ni mimi," Dokta akasema ghafla. "Nitasema liliniponyoka kwenye sinki. Wewe mchukue mwende kwa mama yako. Mengine niachie."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Kwa sababu akijua ni wewe ataumia mara mbili."

Tangawizi akamtazama yule mwanamke mrefu usoni, na kwa mara ya kwanza hakuutafuta ubaya. Akaona kitu kingine, kitu alichokifahamu vizuri kwa sababu alikuwa anakiona kwenye kioo chake kila asubuhi.

"Unampenda."

Dokta hakukana. Macho yalimjaa machozi, akayaelekeza kwenye sinki. "Hukukosea kuniona," akasema kwa sauti ya chini. "Ulimkosea yeye. Yeye hajui, hajawahi hata kukisia. Kule melini alikuwa anakutaja wewe mpaka mpishi akajua unakanda unga saa ngapi na unachukia zabibu kwenye mkate. Kila nilipofungua mdomo, ulikuwa umeshatangulia wewe."

Toroli likasimama mlangoni.

Ilikuwa rahisi. Kunyamaza tu, na mambo yangepita. Lakini Tangawizi aliona maisha yake yote yaliyobaki: Dokta akija harusini, Dokta akija kumwona mtoto, akimtazama kwa yale macho mapole, na kati yao ile siri, kama deni la huruma. Huyu mwanamke ameshashikwa miguu. Ameshacheka mpaka machozi yakaganda. Sasa amwokolee na ndoa? Hapana. Afadhali mchumba wake amchukie kwa kosa lake mwenyewe kuliko ampende kwa hisani ya huyu.

Baba Kamba akaingia kwa mgongo, anavuta pipa. "Haya, tuliyeyushe halafu nikaonekane kwa wakwe…"

"Nimeliyeyusha mimi," Tangawizi akasema. "Kwa maji ya moto ya bomba. Siyo bahati mbaya. Nilikuwa na wivu."

Baba Kamba akaliona kasha wazi, nailoni sakafuni. Akaenda mpaka kwenye sinki. Akapitisha kidole kwenye ukingo, kikatoka na alama ndogo ya kahawia, akakitazama kwa muda mrefu.

"Wivu wa barafu?"

"Wa aliyeileta."

"Ungenitukana," akasema. Hakuwa anafoka, na hilo lilimuumiza zaidi. "Ungenipiga kofi. Ungenivunjia vikombe vyote nyumbani, ningenunua vingine. Hawa wamekukosea nini?"

Wanja ulikuwa unamshuka Tangawizi mashavuni, hakujali.

Dokta akakohoa. "Melini bado kuna kipande nilichokiweka akiba," akasema akiwa anaangalia ukuta. "Kwenye jokofu la chini. Lakini meli inang'oa nanga kesho asubuhi, na kile hawampi mtu mwingine, kimeandikwa kwa jina langu. Tukiondoka sasa hivi na gari la ofisi, tutafika bandarini kabla ya jua kuzama. Tatizo siendeshi gari, na dereva ni mgonjwa."

Simu ya Tangawizi ikaanza kutetemeka kwenye pochi, ikanyamaza. Ni mama. Wote watatu walijua ni mama.

Kisha Baba Kamba akafanya jambo ambalo Tangawizi hakulitegemea. Alivua koti lake. Akanawa mikono kwenye sinki lile lile, akachukua shati lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango, jeupe, limepigwa pasi vibaya kwenye kola, akaanza kulivaa.

"Nilisema nitakwenda kwa mama yako leo," akasema bila kumwangalia. "Nitakwenda. Twende."

"Na kamba?"

"Kamba watakufa. Twende."

Vifungo vilikuwa vinamkataa. Tangawizi alisimama akitazama vidole vyake vinavyotafuta matundu, na akajua kwamba ameshinda. Mambo yote aliyoyataka tangu jana yalikuwa mbele yake. Mchumba yuko ndani ya shati, Dokta yuko pembeni, mama yuko mezani. Wala hakuwa na deni la shukrani kwa mtu.

Alisogea, akamshika mikono. Akafungua kile kifungo kimoja kilichokwisha kufungwa.

"Nenda bandarini," akasema.

"Mama yako alisema leo ndiyo mwisho."

"Najua alivyosema. Nilikuwepo. Nenda."

"Na Dokta?"

Akamwangalia Dokta, kisha akamrudia mchumba wake. "Na Dokta. Na hawa kamba nani anabaki nao? Nionyeshe cha kufanya, nitabaki mimi. Mkono wangu haukosei ukipewa vipimo."

Baba Kamba alimtazama kama mtu anayesoma sentensi aliyoikosea mara ya kwanza. Akaokota nailoni nyeusi sakafuni. Kwenye mikunjo kulikuwa kumebaki utando wa kahawia, kidogo sana. Akamwonyesha jinsi ya kuusafisha kwa maji ya pipa, siyo ya bomba. Jinsi ya kuuvuta kwa mrija mwembamba na kudondosha tone kwa tone kwenye matangi, mlango umefungwa, taa ile ile dhaifu, bila haraka. Kisha akachukua koti lake nene, akamvika juu ya gauni la zambarau, akamfunga mpaka kidevuni. Hakumbusu. Lakini mikono yake ilikawia kwenye kola.

Dokta alikuwa ameshabeba kasha tupu.

"Huyu akae kiti cha nyuma," Tangawizi akasema.

"Nyuma litakaa kasha," Baba Kamba akajibu.

"Basi kasha likae mbele."

Kicheko kikamponyoka Baba Kamba kabla hajakizuia, na Dokta, aliyekuwa amegeukia mlangoni, akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nitakaa nyuma, wifi," akasema. Safari hii neno lile halikuchoma sana. Lilichoma kidogo.

Wakaondoka. Tangawizi alisikia milango ya gari ikifungwa, mmoja, kisha mwingine, akasikiliza kwa makini ulikuwa wa mbele au wa nyuma, na hakuweza kujua. Simu ikatetemeka tena. Akapokea.

"Mko wapi?" Mama hakusalimia. "Chakula kimepoa, shangazi yako ameshaanza kunitazama jicho la nimekuambia."

"Hatutakuja leo, mama. Amesafiri."

"Amesafiri! Leo? Na nani?"

Dirishani, gari lilikuwa linasubiri mlinzi afungue geti. Angeweza kujibu kwamba ni na dereva. Mama hakuwa na njia ya kujua.

"Na yule Dokta."

Kisha sauti ya mama ikaja polepole, yenye uchungu wa kweli. "Mwanangu. Na wewe umekaa hapo unawaangalia?"

Geti likafunguka. Gari likakunja kona, likapotea na watu wake wawili ndani, na wivu ukamshika Tangawizi kuliko alivyowahi kushikwa maishani mwake.

"Nimewatuma mimi, mama," akasema, na akakata simu kabla mama hajasikia kwamba analia.